Mali ya ardhini na mtawala asiyeulizwa: dalili, vyanzo na mahali pa kusimama

Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lilipowekwa Chongoleani mwezi Agosti 2017, mazungumzo ya mabarazani Tanga, kuanzia Ngamiani hadi vijiji vya Muheza na Handeni vilivyo katika njia ya bomba, yamekuwa yakirudia malalamiko yale yale kuhusu nchi zenye mafuta, dhahabu au almasi. Huyu huuliza kwa nini nchi inayouza maelfu ya mapipa kila siku inakosa dawa katika zahanati. Yule huuliza kwa nini kiongozi wa nchi ya namna hiyo huzeekea madarakani. Mwingine hustaajabu kwamba wananchi wenyewe wametulia tuli. Mwongozo huu unafuata malalamiko hayo. Katika kila moja chanzo kinachotokea mara nyingi kinatangulia, kile cha nadra kinakuja nyuma, na inapobidi unaelezwa mahali ambapo mwananchi anapaswa kusimama na kumwachia mwenye taaluma.

Ieleweke mapema kwamba mafuta yatakayofika Chongoleani ni ya Uganda. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, lakini sehemu yetu ni ya njia, ya bandari na ya hisa asilimia 15 zinazoshikiliwa na TPDC, shirika letu la taifa la mafuta, wala si ya kisima. Ndiyo maana mifano mingi hapa chini inatoka kwingine, ambako mambo yamekwisha kujionyesha hadi mwisho wake.

Kabla ya kuanza: ifuate fedha kwanza, mtu baadaye

Mtawala ambaye hazina yake inajazwa na kodi ya mkulima, mwenye duka na dereva wa bodaboda hulazimika kuzungumza nao, kwa sababu wakigoma kulipa atakwama. Mtawala ambaye hazina yake inajazwa na kampuni moja inayolipa katika akaunti moja anahitaji kulinda mambo mawili tu, yaani kisima na akaunti. Mwambao wetu uliuona utaratibu huu kabla ya mafuta. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilipokuwa zikiteremka na misafara kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo, Sultani wa Zanzibar aliukodisha ukusanyaji wa ushuru wa forodha kwa nyumba ya mfanyabiashara Jairam Shivji, naye akapokea kiasi kilichopatanwa kwa mwaka. Mapato yalikuja bila Sultani kuhitaji ridhaa ya watu wa Mrima, yaani pwani ya bara, waliokuwa wakiishi kando ya njia ile ya misafara.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili kama kiongozi fulani ni mwema au mbaya, uliza fedha inaingia wapi, inapitia mikono ya nani, na nani anaweza kuizuia isipite.

Dalili ya kwanza: mapato yanatangazwa kupanda, huduma hazionekani

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na ndilo linalochunguzwa vibaya kuliko yote, kwa kuwa watu hurukia wizi kabla ya kupita hatua zilizo mbele yake.

Chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba fedha iliyotangazwa haijawahi kuwa ya serikali. Tarakimu inayosomwa redioni huwa ni thamani ya mali iliyouzwa nje, na kutoka humo kampuni hurudisha kwanza gharama ilizotumia kutafuta na kuchimba, ndipo kinachobaki kigawanywe. Katika mikataba mingi ya mafuta urejeshaji huo huchukua miaka, na gharama zikikuzwa kwenye vitabu huchukua miaka zaidi. Ukaguzi rahisi ni kutenganisha mambo manne kila unaposikia tarakimu: thamani ya mauzo, mrabaha (malipo kwa mwenye mali kwa kila kinachochimbwa), kodi na gawio (sehemu ya faida kwa mwenye hisa). Msemaji asiyeweza kukuambia ametaja lipi kati ya hayo hajakupa taarifa.

Chanzo cha pili ni kwamba fedha iliingia ikiwa tayari imekwisha kuahidiwa mwingine. Chad ilikopa kutoka kampuni ya Glencore, katika miaka ya 2013 na 2014, zaidi ya dola bilioni 1, mkopo ambao ungelipwa kwa mafuta yenyewe. Bei ilipoporomoka mwishoni mwa 2014, sehemu kubwa ya mapato ya mafuta ikawa inakwenda kwa mkopeshaji kabla ya hazina kuiona. Hapo hakuna aliyevunja kufuli. Kilichofanyika ni kusaini bila wananchi kujua kilichosainiwa.

Cha tatu ni shirika la taifa la mafuta kugeuka hazina ya pili. Mwaka 2011 Shirika la Fedha la Kimataifa lilibaini katika hesabu za Angola pengo la takribani dola bilioni 32 kwa kipindi cha 2007 hadi 2010, na baadaye sehemu kubwa ikaelezwa kuwa matumizi yaliyofanywa na Sonangol, shirika la mafuta la nchi hiyo, kwa niaba ya serikali, nje ya bajeti. Maelezo hayo yalichukuliwa na baadhi ya watu kuwa ni kusafishwa kwa serikali. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyopaswa kuogopesha zaidi, kwa sababu yalithibitisha kwamba shirika lisilowajibika bungeni lilikuwa likifanya kazi ya wizara ya fedha. Mwaka 2016 Rais José Eduardo dos Santos, aliyekuwa madarakani tangu 1979, alimweka binti yake Isabel kuliongoza shirika hilo hilo.

Wizi wa moja kwa moja ni cha nne. Upo, na wakati mwingine ni mkubwa mno: uchunguzi wa Seneti ya Marekani wa mwaka 2004 ulikuta benki ya Riggs ya Washington imehifadhi hadi dola milioni 700 katika akaunti za serikali ya Guinea ya Ikweta, za viongozi wake na za jamaa zao, na mali alizoficha Jenerali Sani Abacha wa Nigeria, aliyetawala kuanzia 1993 hadi kifo chake 1998, zimekuwa zikirejeshwa kwa mafungu kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo nimeuweka mwisho kwa makusudi. Anayeanza na mwizi humwacha mkataba mbaya upite mlangoni akiwa ameinamia dirisha, na mkataba mbaya hula kwa miaka 25 bila kuvunja sheria yoyote.

Kwa ukaguzi wa kina, linganisha maandishi matatu. La kwanza ni taarifa ya kampuni yenyewe, kwa kuwa kampuni kubwa za uziduaji (uchimbaji wa mafuta, gesi na madini) za Umoja wa Ulaya zinatakiwa, kwa maelekezo ya mwaka 2013, kutangaza zilichokilipa kila serikali, mradi kwa mradi. La pili ni taarifa za TEITI, chombo cha uwazi katika mapato ya madini, mafuta na gesi, ambacho chini ya Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya mwaka 2015 hulinganisha kilicholipwa na kampuni na kilichopokelewa na serikali ya Tanzania. La tatu ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambayo huwekwa mezani bungeni kila mwaka na ambayo watu wengi huisikia kwa vichwa vya habari tu, ilhali majedwali yake ndiyo yenye kazi.

Simama hapa ukikuta tofauti. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza Julai na kuishia Juni, wakati kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba. Tofauti hiyo peke yake, pamoja na kubadilisha dola kuwa shilingi kwa viwango vya siku tofauti, huweza kuzaa pengo la mabilioni ambalo si wizi. Mpelekee mhasibu au mkaguzi mwenye leseni kabla ya kumtaja mtu. Kuandika jina la mtu mtandaoni kwamba ameiba, bila ushahidi, kunaweza kukuingiza katika kesi ya kashfa na pia katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ukifika huko swali lako la msingi litakuwa limekwisha kufa.

Dalili ya pili: kiongozi hang'oki, na katiba inashonwa upya kwa kipimo chake

Fanya kwanza ukaguzi ambao wengi huuruka, yaani tarehe. Teodoro Obiang Nguema alimpindua mjomba wake, Francisco Macías Nguema, Agosti 1979, wakati Guinea ya Ikweta ikitegemea kakao. Mafuta mengi yalianza kutoka katikati ya miaka ya 1990. Uganda iliondoa ukomo wa vipindi vya urais mwaka 2005, na mafuta ya kibiashara yakathibitishwa mwaka 2006. Asemaye kwamba mafuta ndiyo yaliyowaleta watawala hawa anakosea kalenda. Mali hailazimiki kuuzaa utawala wa mabavu. Kazi yake ya kawaida ni kuulea ukiwa umekwisha kuzaliwa, na kuupa umri ambao usingeufikia. Botswana ilipata almasi ya Orapa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru, ikiwa tayari na uchaguzi, mahakama na desturi ya mikutano ya hadhara, na almasi ikakuta nyumba yenye wenyewe. Chama kilichotawala tangu uhuru kiliposhindwa katika uchaguzi wa 2024, kiliondoka kwa amani.

Tarehe zikikubali kwamba mali imechangia, chanzo cha kwanza cha kutazama ni bunduki. Mfano wa Chad unatuhusu sana, kwa kuwa nao ulianza na bomba, la kilomita zipatazo 1,070 kutoka Doba hadi pwani ya Kribi nchini Kameruni. Benki ya Dunia iliuunga mkono mradi huo kwa sharti la sheria, iliyopitishwa mwaka 1999, kwamba asilimia 10 ya mapato iwekwe kwa ajili ya vizazi vijavyo na sehemu kubwa ya yanayobaki iende katika afya, elimu, barabara na maji. Mwaka 2000, kabla tone halijatoka, sehemu ya kishika uchumba, yaani malipo ya kusaini mkataba, cha dola milioni 25 kilicholipwa na kampuni ilitumika kununulia silaha. Mafuta yakaanza kutiririka mwaka 2003. Kufikia Januari 2006 sheria ilikuwa imebadilishwa: mfuko wa vizazi vijavyo ulifutwa, na usalama ukaingizwa katika orodha ya mambo ya kipaumbele. Benki ilisitisha mikopo, pakafanyika mapatano, kisha mwaka 2008 Chad ikalipa deni lake mapema na benki ikajitoa. Rais Idriss Déby, aliyeingia kwa silaha mwaka 1990, alibaki hadi alipouawa Aprili 2021, na kiti kikachukuliwa na mwanawe. Sharti la mkopeshaji lilidumu kwa muda ule tu ambao mkopaji alikuwa hana fedha nyingine.

Chanzo cha pili ni kugawana. Mtawala hahitaji kumpenda kila mtu. Anahitaji watu mia kadhaa ambao wakimwacha wataanguka naye. Mobutu Sese Seko wa Kongo aliitaifisha kampuni ya shaba ya Katanga mwaka 1967, na kwa miongo mitatu mapato ya kampuni hiyo, iliyokuja kuitwa Gécamines, yalisaidia kuweka wakubwa mezani na kuwaondoa kwa zamu, ili pasiwepo aliyeota mizizi. Si lazima iwe kwa kificho. Januari 2017 ilifichuka kwamba maofisa 42 wa serikali ya Uganda walikuwa wamegawiwa shilingi bilioni 6 za nchi hiyo, kama bahasha ya pongezi kutoka kwa rais, kwa kushinda kesi ya kodi ya mafuta. Waliopokea walikuwa watumishi wenye mshahara, na kazi waliyopongezwa kwayo ndiyo waliyoajiriwa kuifanya.

Cha tatu ni marafiki wa nje, wakiwemo mabenki, madalali, mawakili na wauza nyumba. Hawa hawakai Malabo wala Brazzaville, miji mikuu ya nchi zenye mafuta. Mwanawe Obiang, ambaye ni makamu wa rais, alitiwa hatiani Paris mwaka 2017, na rufaa yake ya mwisho ikatupwa mwaka 2021. Glencore ilikiri makosa ya rushwa mwaka 2022 kuhusu nchi kadhaa za Afrika. Kila mla rushwa ana mtoaji, na mtoaji mara nyingi amevaa suti ya nchi inayotufundisha utawala bora.

Mwananchi hana uwezo wa kuchunguza chanzo hiki cha tatu peke yake. Ni kazi ya waandishi wa uchunguzi, waendesha mashtaka na mahakama zenye mkono wa kimataifa. Anayekuletea nyaraka za siri za benki akakuomba uzisambaze, mwelekeze kwao.

Dalili ya tatu: wananchi wametulia

Usikimbilie kusema kwamba watu ni waoga au wajinga. Chanzo cha kawaida ni kwamba hawaoni kilichochukuliwa kwao. Mtu anayelipa ushuru wa gunia la machungwa pale kizuizini anajua ametoa nini, lakini pipa la mafuta lililo chini ya ardhi hakuwahi kulishika. Kinachofuata ni ruzuku na ajira: mwaka 2011, maandamano yalipokuwa yakienea katika nchi za Kiarabu, Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia alitangaza mafungu ya mishahara, nyumba na posho yaliyofikia takribani dola bilioni 130. Ukimya ulinunuliwa kwa bei ambayo nchi isiyo na mafuta isingeimudu. Hofu huja ya tatu, na ya nne ni wale ambao mitaani siku hizi huitwa chawa, yaani wanaolipwa kusifu hadi sauti nyingine isisikike.

Ukaguzi wake ni swali moja: shule au kisima kikijengwa, watu wanamshukuru nani? Wakimshukuru mtu kwa jina lake, badala ya kuuliza kasma (fungu la bajeti) na kiasi kilichotumika, dalili imethibitika.

Dalili ya nne: wasimamizi wapo, lakini hawang'ati

Tazama kwanza kama msimamizi anapata taarifa kwa wakati. Chad ilikuwa na chombo maalumu cha kusimamia mapato ya mafuta, chenye wajumbe kutoka nje ya serikali. Kiliandika ripoti zilizotaja ununuzi wa hovyo na majengo yasiyokamilika, na ripoti zikabaki ripoti, kwa kuwa hakikuwa na nguvu ya kushtaki. Tazama kisha nani anamteua na nani anaweza kumwondoa. Februari 2014 Gavana wa Benki Kuu ya Nigeria, Sanusi Lamido Sanusi, alisimamishwa kazi baada ya kusema kwamba takribani dola bilioni 20 za mauzo ya mafuta hazikufikishwa na shirika la taifa katika hazina. Mwisho tazama kama bunge lina mahali ambapo upinzani unashika kalamu.

Kuhusu hilo la mwisho tuna mfano wa nyumbani. Katika sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, yaani fedha zilizowekwa amana hadi mgogoro wa malipo ya umeme uishe, mwaka 2014, ambapo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka katika akaunti iliyokuwa Benki Kuu, ukaguzi wa CAG ulipelekwa kwenye Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na mbunge wa upinzani, na mjadala ukarushwa moja kwa moja. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa na mwingine akajiuzulu. Wapo wanaosema haikutosha, nami ni miongoni mwao, lakini inaonyesha vipande vitatu vinavyopaswa kukutana: mkaguzi anayeandika, kamati isiyo ya chama tawala peke yake, na umma unaotazama. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havisukumi kitu.

Dalili ya tano: bei ikishuka, nchi inayumba

Hii haihitaji uchunguzi mrefu. Chanzo ni bajeti iliyojengwa juu ya bei ya juu, bila akiba na bila kodi nyingine. Venezuela na Angola zilionyesha hivyo baada ya 2014. Onyo ni kwamba kuyumba si ukombozi: Gaddafi wa Libya alianguka mwaka 2011 na Bongo wa Gabon mwaka 2023, lakini kisima na akaunti hubaki, vikimsubiri atakayefika kwanza, na kwa kawaida anayefika kwanza ni askari.

Dalili ya sita: mambo hayo hayo, kwa kipimo cha kijiji

Mchanga wa mtoni, chokaa, misitu ya mikoko, mashamba ya chumvi, dhahabu ya Handeni na Kilindi, na sasa mkuza wa bomba (ukanda wa ardhi linapopita), vyote vinaweza kuzaa mwenyekiti asiyeulizwa, kwa utaratibu ule ule wa fedha isiyopita mikononi mwa wanakijiji.

Anza na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Usipoitishwa, hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye tetesi za kwamba fulani amejenga. Ukiitishwa, uliza kila tani au lori linalotoka linatozwa kiasi gani, risiti inatolewa kwa mashine au kwa kijitabu, na fedha iko katika akaunti ipi. Halmashauri nayo iulizwe kupitia diwani kuhusu ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni zilizomo wilayani, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo. Maombi ya maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yanapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila muhuri barua yako haikuwahi kuandikwa.

Katika fidia ya ardhi, usitie sahihi wala dole gumba kwenye fomu ya uthamini ambayo hujasomewa kila mstari, na usikubali kubadilisha idadi ya mikorosho au minazi ili mgawane na mthamini. Atakayekuambia ni kawaida ndiye atakayekuwa na picha ya sahihi yako.

Yapo mambo manne ambayo yakitokea unapaswa kuacha mara moja kuyashughulikia mwenyewe. Ukiombwa au kupewa hongo, usiijadili kijiweni. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, au nenda ofisi yao ya wilaya. Mgogoro wa fidia au mpaka ukishakuwa wa maandishi, tafuta wakili au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwani muda wa kukata rufaa ukipita haurudishwi na huruma. Ukitishiwa, andika tarehe, maneno na mashahidi, kisha fika polisi na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ukiwa na mtu wa pili. Na eneo la mradi likiwa na ulinzi, usiingie kupiga picha hata kama shamba lilikuwa la babu yako. Mwombe mwenyekiti, mbele ya mtendaji, aandike barua ya kuomba ziara, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa kijiji.